Kununua na Kuazima

Lipo neno moja ambalo wafanyabiashara wa zama hizi wameliiba katika lugha ya watu, wakalivua maana yake, kisha wakalirudisha sokoni likiwa tupu. Neno hilo ni kununua. Mtoto wa miaka sita atumwaye dukani kwa kibiriti hujua maana yake. Hutoa fedha, hupewa kibiriti, na tangu saa ile kibiriti ni cha kwao. Mwenye duka hana tena amri juu yake. Hawezi kuja usiku wa manane kukiondoa mekoni kwa sababu amegombana na mwenye kiwanda. Wala hawezi kusema ya kwamba njiti zilizobaki hazitawaka kwa kuwa yeye amefunga duka na kuhamia mji mwingine. Angethubutu kutenda hivyo angeitwa mwizi, na mtaa mzima ungemzomea. Walakini katika biashara ya nyimbo ziuzwazo kwa kompyuta na simu, mambo haya haya hutendeka mchana kweupe, na atendaye haitwi mwizi. Huitwa mtu wa maendeleo, na picha yake hutiwa gazetini.

Nataka kuteta juu ya jambo hili. Nawaomba vijana wanisikilize, maana wao ndio wanunuzi wakubwa wa bidhaa hii, na ndio watakaoishi na matokeo yake kwa muda mrefu kuliko mimi.

Babu yangu mzaa mama alikaa Mji wa Kale, Mombasa. Alikuwa na gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono na sanduku la santuri zisizozidi thelathini. Mbili kati ya hizo zilikuwa za Siti binti Saad, yule mwimbaji wa Unguja ambaye mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Santuri hizo zilikuwa nzito na nyepesi kuvunjika, na sindano ilizikwaruza kila zilipopigwa. Sisemi kuwa zilikuwa bora kuliko vyombo vya leo. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aimbaye ndani ya mtungi huku mvua inanyesha juu ya mabati. Lakini zilikuwa zake. Aliziazimisha kwa watu wenye harusi. Moja aliiweka rehani kwa jirani alipokosa kodi ya nyumba, akaikomboa mwisho wa mwezi. Moja ilivunjwa na mjomba wangu, naye akachapwa. Babu alipofariki, sanduku lilimwendea mama yangu pamoja na saa ya ukutani, na hapana kampuni yoyote iliyoombwa ruhusa.

Mimi mjukuu wake nilinunua nyimbo zangu kwa njia nyingine. Mwaka 2012 nililipia nyimbo kumi na moja katika duka moja la intaneti, ambalo sitalitaja jina. Palikuwa na kitufe kilichoandikwa neno la kununua, nami nilikibonyeza mara kumi na moja. Baada ya miaka mitatu simu yangu ilikufa. Nilipata nyingine, nikaenda kuzichukua nyimbo zangu, nikajibiwa kwa maandishi mafupi ya kwamba duka halipo tena. Ndipo nilipotafuta ule mkataba niliokuwa nimeukubali bila ya kuusoma, kama mnavyoikubali mikataba yenu ninyi, na huko mwisho, katika herufi ndogo kama miguu ya sisimizi, nikaona ya kuwa sikununua kitu. Nilipewa ruhusa ya kusikiliza, na ruhusa hiyo yaweza kuondolewa na mtoaji wakati wowote apendao.

Mtu atasema: nyimbo kumi na moja ni kitu gani hata mtu mzima akasirike? Kweli, hasara yangu ilikuwa ndogo. Tazama basi kwa wakubwa.

Kampuni ya Microsoft ya Marekani ilianzisha mwaka 2004 mtindo wa kufunga nyimbo kwa kufuli la siri. Kazi ya kufuli hilo si ngumu kueleza. Wimbo hugeuzwa kuwa mafumbo ambayo mashine haiwezi kuyasoma. Kila mashine mpya itakayo kuupiga hupeleka ombi kwa kompyuta kuu ya mwenye duka, nayo humtazama mwombaji, ikiridhika hutoa ufunguo. Bila ya ufunguo, wimbo uliolipiwa ni kelele isiyosikika. Mtindo huo uliitwa PlaysForSure, yaani, kwa lugha yetu, Hupiga kwa Yakini. Yakini hiyo haikudumu. Mwaka 2006 Microsoft yenyewe ilitoa kinanda kidogo cha mfukoni kiitwacho Zune, na kinanda hicho hakikuweza kupiga nyimbo za Hupiga kwa Yakini. Aprili 2008 wanunuzi wa duka lake la MSN Music waliandikiwa ya kwamba baada ya tarehe 31 Agosti mwaka ule funguo hazitatolewa tena: mwenye kubadili kompyuta yake atazikosa nyimbo zake. Watu walipiga makelele, kampuni ikaongeza muda mpaka mwisho wa mwaka 2011. Msomaji na apime rehema hiyo. Aliyenunua wimbo aliongezewa miaka mitatu ya kuwa na mali yake.

Mwaka 2009 ilitokea habari ya kuchekesha na kuliza kwa pamoja. Haikuwa ya nyimbo bali ya vitabu, lakini kufuli ni lile lile. Amazon iligundua ya kuwa baadhi ya nakala za vitabu viwili vya George Orwell, ilizokuwa imewauzia wasomaji kwa chombo chake cha Kindle, zilipelekwa dukani na mtu asiyekuwa na haki ya kuziuza. Makosa ya namna hiyo hutokea. Lakini dawa yake ilikuwa mpya duniani: kampuni ilinyosha mkono kwa njia ya hewa, ikaingia katika vyombo vya watu majumbani mwao, ikavifuta vitabu, ikawarudishia fedha. Kimoja kati ya vitabu hivyo ni kile kiitwacho 1984, kinachosimulia habari za dola inayoteketeza maandishi ya jana ili watu wasiyakumbuke. Mwanafunzi mmoja wa sekondari wa jimbo la Michigan alikuwa akikisoma kwa kazi ya shule, na maelezo aliyoyaandika pembeni yalibaki yakielekeza katika kurasa zisizokuwapo. Alikwenda mahakamani, na mambo yakaisha kwa mapatano. Mkuu wa Amazon, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani, nami naamini radhi yake ilikuwa ya kweli. Lakini hoja si radhi. Mtu akiingia nyumbani kwako usiku kwa ufunguo wake mwenyewe, kisha asubuhi akaja kukuomba msamaha, utamsamehe; lakini utamwuliza ufunguo aliupata wapi, na utabadili kitasa. Wanunuzi wa bidhaa hizi hawana kitasa cha kubadili.

Hapa watetezi wa kufuli husimama na kusema ya kuwa wezi ndio waliosababisha haya. Wasema nyimbo zilipoanza kunakiliwa bure katika mtandao, waimbaji walikufa njaa, na kufuli ikawa haina budi. Nakubali nusu ya maneno hayo kwa moyo wangu wote. Mwimbaji ni mfanyakazi. Anayenakili wimbo wake bila ya kumlipa ni sawa na anayekula hotelini akatokea mlango wa nyuma, na kijana asinitaje mimi kuwa wakili wake. Nchini kwetu tumewaona watunzi ambao nyimbo zao ziliimbwa katika kila harusi, nao wenyewe wakazikwa kwa mchango. Lakini nusu ya pili ya maneno hayo si kweli. Kufuli haikumzuia mwizi hata siku moja. Mwizi hanunui wimbo uliofungwa, huchukua uliofunguliwa. Anayefungiwa ni yule mwaminifu aliyekwenda dukani na fedha zake mkononi. Steve Jobs wa Apple, ambaye duka lake la iTunes lilifunguliwa mwaka 2003 na lilikuwa likiuza nyimbo zenye kufuli, aliandika mwenyewe Februari 2007 ya kwamba katika mwaka 2006 nyimbo zilizouzwa zikiwa na kufuli hazikufika bilioni 2, hali makampuni hayo hayo ya nyimbo yaliuza zaidi ya bilioni 20 katika sidii zisizokuwa na kufuli lolote. Ilikuwa ni kufunga dirisha kwa komeo tatu na kuuacha mlango wazi. Mwaka 2009 duka lake liliziuza nyimbo zote bila ya kufuli, na mbingu haikuanguka.

Na wako waliokwenda mbali zaidi ya kufuli. Mwaka 2005 ilifichuliwa ya kuwa sidii za kampuni ya Sony BMG zilikuwa zikiingiza kwa siri katika kompyuta za wanunuzi programu ya kuzuia kunakili, programu iliyojificha isionekane, na ikaacha upenyo ambao waharibifu wengine waliweza kuingilia. Yaani mteja alilipa, akaenda nyumbani na sidii yake, akajifungulia mlango mwenyewe kumwingiza askari aliyetumwa kumpeleleza. Sidii hizo ilibidi ziondolewe madukani.

Sheria nayo ina kisa chake. Kuna kampuni moja ya Marekani iliyokuwa ikichapa vitabu, Bobbs-Merrill, ambayo iliandika ndani ya riwaya yake kuwa asiuze mtu nakala kwa chini ya dola moja. Duka la Macy's likaiuza kwa senti 89. Wakashtakiana, na mwaka 1908 Mahakama Kuu ya nchi ile ikaamua ya kwamba mwenye haki ya kuchapa akishauza nakala, amri yake juu ya nakala ile imekwisha. Aliyeinunua na auze apendavyo. Katika hukumu hiyo mna akili zile zile za mtoto aliyetumwa kibiriti. Kwa ajili yake maduka ya vitabu vikuukuu yanaishi, na maktaba zinaazimisha, na mwanafunzi maskini anasoma kitabu kilichosomwa na wanne kabla yake. Lakini sikiliza lililofuata miaka mia baadaye. Kampuni iitwayo ReDigi ilifungua soko la kuuza nyimbo za kompyuta zilizotumiwa, kwa njia ambayo wimbo ukienda kwa mnunuzi hufutika kwa muuzaji. Ikashtakiwa, ikashindwa mwaka 2013, ikakata rufani, ikashindwa tena mwaka 2018. Majaji walisema kuhamisha wimbo kutoka kompyuta hadi kompyuta ni kuutengeneza upya, na kuutengeneza upya ni haki ya mwenyewe. Sina elimu ya kuwasahihisha majaji katika sheria yao. Nasema tu ya kuwa santuri ya babu yangu iliweza kuuzwa, kurithiwa na kuwekwa rehani, na wimbo wangu, uliolipiwa kwa fedha zilizo halali kama zake, hauwezi hata moja katika hayo.

Vijana wataniambia kuwa nagombana na maiti. Siku hizi nani anunuaye wimbo mmoja mmoja? Mtu hulipa kodi kidogo kwa mwezi, au husikiliza bure pamoja na matangazo, na nyimbo za dunia nzima humjia kutoka mbali kama maji ya bomba. Spotify, iliyoanzia Uswidi, ilifika Kenya Februari 2021. Na nyingine zilikuwapo kabla yake. Sikatai uzuri wa jambo hili. Mimi mwenyewe nimesikiliza kwa njia hiyo nyimbo za Kongo za miaka ya 1950 ambazo babu asingalizipata hata kwa kuuza nyumba. Na kodi si dhambi. Anayepanga chumba ajua kuwa chumba si chake, na hapana aliyemdanganya. Ugomvi wangu na wapangishaji ni wa namna nyingine, nao ni mkubwa zaidi.

Tazama tena habari ya Siti. Kwa nini sauti yake yasikika hata leo? Kwa sababu santuri zake zilitawanyika. Ziliingia katika nyumba za Lamu, Tanga, Mombasa, Unguja na kwingine, kila moja ikiwa mali ya mtu, na mtu hulinda chake. Nyingine zilivunjika, nyingine zikatupwa, lakini katika kutawanyika huko baadhi zilisalimika, hata wataalamu wakaja kuzikusanya. Lau sauti yake ingewekwa katika nyumba moja tu huko Bombay, na sisi wa pwani tukapewa ruhusa ya kutega sikio dirishani kwa kodi ya kila mwezi, basi siku nyumba ile ilipofungwa tungerudi kwetu mikono mitupu. Si mfano wa kubuni. MySpace ilikuwa ghala kubwa ambalo waimbaji vijana wa dunia waliweka nyimbo zao bure. Machi 2019 ilitangaza ya kuwa katika kuhamisha mizigo kutoka kompyuta moja hadi nyingine, nyimbo zilizowekwa kabla ya mwaka 2016 zimepotea. Mamilioni ya nyimbo. Wengi wao walioziweka hawakuwa na nakala nyingine, maana waliamini ghala.

Na mpangishaji ndiye aamuaye nani alipwe. Tangu mwaka 2024 Spotify haitoi mrabaha kwa rekodi ya wimbo ambao haukusikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi kumi na miwili iliyopita. Kwa mwimbaji mashuhuri wa London idadi hiyo ni ya kupepesa jicho. Kwa mzee apigaye nyatiti huko Siaya, ambaye mjukuu wake alimwekea nyimbo nne mtandaoni, yaweza kuwa ukuta. Alipokuwa akiuza kanda katika kituo cha basi, kanda moja ilikuwa ni fedha ya kanda moja.

Kwetu Kenya tumezoea ukodishaji wa ajabu kuliko wote, nao ni ule wa wimbo wa kumwitikia mpigaji simu. Mtu hukatwa fedha ili wimbo usikike na wengine wampigiapo, na yeye mwenye kulipa hausikii mpaka ajipigie mwenyewe kwa simu ya jirani! Wanasiasa na waimbaji waligombana miaka mingi juu ya mgawo wa fedha hizo, na mwaka 2022 Sheria ya Hakimiliki ilirekebishwa ili mwimbaji apate asilimia 52. Ilikuwa haki, na ilichelewa. Lakini marekebisho hayo yalikuwa ya mwenye wimbo na mwenye simu. Mnunuzi bado anangoja nje ya mlango.

Nalaumu pia waandishi wa habari, na katika hao najihesabu. Kila chombo kipya kitokapo tunaandika uzito wake, wembamba wake, rangi zake na idadi ya nyimbo ziwezazo kukaa ndani yake, kama wapambe wa bwana arusi waliolipwa wamsifu. Ufunguo uko kwa nani, hatuulizi. Kampuni ikianguka nyimbo zitakwenda wapi, hatuulizi. Duka likifungwa, habari yake hupewa mistari minne chini ya ukurasa, karibu na matokeo ya mbio za farasi. Msomaji aliyejifunza teknolojia kwa njia hiyo hujua bei ya kila kitu katika dirisha la duka, na hajui kuwa akitoka dukani atakuwa na kitu au hana.

Jimbo la California, ambamo makampuni mengi ya biashara hii yana makao yake, lilitunga sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Sheria hiyo yasema ya kwamba muuzaji wa bidhaa ya kompyuta asitumie neno la kununua, ila amwambie mteja waziwazi ya kuwa anapewa leseni tu. Na walioachwa huru ni wale ambao bidhaa yao mteja aweza kuichukua na kukaa nayo daima bila ya kuhitaji kibali cha mtu. Sheria ndogo. Haimrudishii mtu hata wimbo mmoja. Lakini imelikamata lile neno lililoibwa na kulirudisha kwa wenyewe, na hilo ndilo nitakalo kwetu, kwanza katika Bunge la Nairobi, kisha katika kila duka la simu liuzalo nyimbo, vitabu au michezo kwa Wakenya. Anayekodisha na aandike kodi. Anayeuza na atoe kitu kisicho na kufuli, kiwezacho kunakiliwa katika diski ya mnunuzi, kurithishwa kwa watoto wake, na kuendelea kuimba hata kama muuzaji amefilisika. Wako waimbaji wauzao hivyo hata leo, na fedha zangu sasa huzipeleka kwao.

Katika zile nyimbo kumi na moja, tisa nimezipata tena kwa kuzilipia mara ya pili, katika sidii. Mbili ni za kijana mmoja aliyeziuza katika duka lile tu, na yeye mwenyewe aliniambia hana nakala.